Saado Anadaiwa Mashallah

"Huyu msichana amechukua mdomo wangu, na nataka anirudishie leo, hapa hapa, mbele ya watu."

Ndivyo alivyosema Saado, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kopo la nyirinyiri la Fosia kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Kopo lenyewe lilikuwa zuri, tusidanganyane. Lilikuwa na kifuniko cha rangi ya dhahabu na karatasi inayong'aa ubavuni. Juu ya karatasi kulikuwa na picha ya Fosia na hijabu yake ya kijani, anacheka, na chini ya picha maneno haya: Nyirinyiri ya Fosia, Haiulizwi Umri.

Sasa, hakuna mtu wa Soko Mugdi hapa Garissa asiyejua maneno hayo ni ya nani. Mteja akithubutu kumwuliza Saado nyama hii ni ya lini, Saado humjibu, "Nyirinyiri yangu haiulizwi umri, kwani unataka kuioa?" Ametujibu hivyo miaka na miaka. Hata mtu wa kaunti anayekuja kutoza ushuru ameshajibiwa hivyo.

Fosia alikuwa nyuma ya meza yake, simu imesimamishwa kwenye kijiti. Akasema kwa upole, upole ule unaokera, "Eedo Saado, maneno ni ya Mungu. Kuna mahali umeandika kwamba haya ni yako?"

Kumwita eedo, yaani shangazi, ilikuwa heshima. Kumwuliza ameandika wapi ilikuwa kidonda, kwa sababu Saado hajui kuandika na soko zima linajua.

"Mimi siandiki, mimi nasema," Saado akamjibu. "Anayeandika ni mwizi, ndiyo maana anaacha alama."

Watu walicheka mpaka wabeba mizigo wakashusha magunia ili wasipitwe. Mimi nauza chai mkabala na meza zao, kwa hiyo sikuhadithiwa. Niliona pia jambo ambalo Saado hakuliona. Aweys, yule wa bodaboda anayekunywa chai kwangu na kulipa anapojisikia, alikuwa ameinua simu yake tangu neno la kwanza.

Niwaeleze Saado ni nani, maana ukimjua kwa ugomvi huo tu hutamjua.

Alizaliwa pande za Hulugho katika nyumba yenye ng'ombe wengi. Ukame ulikuja ukawala ng'ombe, akaja Garissa na mumewe Abdinoor na mtoto mmoja mgongoni, Ruweyda. Abdinoor akapata kazi ya kupakia malori ya Modogashe. Malori yakampenda, naye akaipenda Modogashe, na huko akaoa mke wa pili mwenye duka. Tulipoenda kumpa Saado pole, alituandalia chai akatuambia duka lenyewe halina hata friji. Hatukuona chozi. Siku iliyofuata alitundika nyama.

Nyirinyiri ni kazi ya subira. Saado huchukua paja la ngamia, akalikata mikanda mirefu myembamba, akaitundika kwenye kamba mpaka jua liikaushe. Kisha huikatakata vipande vidogo kama maharagwe, akavikaanga kwa samli na iliki na kitunguu saumu mpaka maji yote yaondoke, akavizika ndani ya samli hiyo hiyo. Ikitoka hapo, itakaa miezi. Dereva wa lori huondoka nayo, mwanafunzi huondoka nayo, na anayekwenda Marekani huificha kwenye nguo akiomba asikaguliwe. Kwa mikono hiyo Saado alimlea Ruweyda, akamsomesha, akajenga chumba cha mawe mtaa wa Bulla Iftin. Alikuwa na jina. Ukisema nyirinyiri hapa mjini ulikuwa umesema Saado.

Na Fosia alifundishwa na nani? Na huyo huyo Saado. Alikuwa anauza madera, biashara ikalala, akaja kuomba afundishwe. Kwetu kumnyima mtu ujuzi wa chakula ni aibu, kwa hiyo Saado alimfundisha kila kitu, hata pale pa kugeuza moto. Alichosahau kumfundisha ni kukaa kimya. Fosia alizaliwa hapa hapa mjini, amemaliza kidato cha nne, ulimi wake una Kisomali, Kiswahili na Sheng vinavyokimbizana. Akaweka simu kwenye kijiti, akaanza kukaanga na kuongea, kukaanga na kuongea. Tulicheka mwanzo, tukisema huyu anaongea na nani. Kumbe anaongea na Wasomali wenzetu wa Minesota, kule Marekani. Wafuasi wakaanza kuingia kama maji ya Tana yakivunja kingo, maelfu kwa maelfu. Watu wa huko wakamtumia maua, haya maua ya kwenye simu yanayogeuka kuwa hela, na wakiwa na ndugu anayesafiri wanamwagiza kopo.

Turudi kwa Aweys. Chai yangu ilikuwa haijapoa mbele yake na ule ugomvi ulikuwa tayari umeshapanda Tiktok. Kufika magharibi, watoto wa mitaa yote walikuwa wakiulizana, "Kwani unataka kuioa?" na kuanguka kwa kicheko. Maneno ya Saado yalifika Mandera kabla ya basi. Lakini sikilizeni hasara yake. Mtu akicheka, anamtafuta aliyesema. Saado hakuwa na ukurasa wowote. Waliotafuta nyirinyiri ya Garissa walimkuta Fosia, na hijabu yake ya kijani, na kifuniko cha dhahabu. Wiki hiyo Fosia aliishiwa makopo.

"Nimemtukana nikamnenepesha," Saado aliniambia, na alikuwa anakunywa chai bila sukari kwa hasira.

Ndipo akaamua kwamba na yeye atakuwa mtu wa simu. Ruweyda alimfungulia ukurasa, akauita Saado Asili, akaazima taa ya duara kwa mpiga picha za harusi. Walirekodi kwao nyumbani. Mimi niliitwa kushika kitambaa cha nyuma. Saado alijipaka hina, akavaa dera jipya, akaketi mbele ya taa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akasema assalamu alaykum. Kisha kimya.

Ruweyda akamwambia mama yake, "Hooyo, ongea kama unavyoongea sokoni."

"Sokoni kuna watu," Saado akasema. "Hapa nimtukane nani?"

Na kweli. Mdomo ule uliowahi kumrudisha nyuma mfanyabiashara wa ngamia na bei yake mkononi, mbele ya kile kioo kidogo ulikauka. Alikaanga nyama yote bila neno. Ungedhani ni mazishi. Walioitazama video hiyo hawakujaa mkeka mmoja, na miongoni mwao alikuwepo Ruweyda mwenyewe mara kadhaa.

Tangu siku hiyo Saado akaugua ugonjwa ambao hauna dawa kwa mfamasia. Kila alipopata nafasi alichukua simu ya bintiye akamtazama Fosia. Alijua leo Fosia amepata mioyo mingapi na jana mingapi. Alijua ni nani wa Minesota aliyetuma waridi na nani aliyetuma simba, ile zawadi kubwa ya kwenye simu. Alijua kila pete. Kama Fosia amebadilisha sufuria, Saado alituambia kabla Fosia hajafungua meza. Hakuna mfuasi aliyempenda Fosia kwa bidii kama Saado alivyomchukia.

Kisha ikaja ile siku ya neno. Fosia alikuwa hewani moja kwa moja, watu wameizunguka meza yake mpaka njia ya mikokoteni imeziba, wengine wameinua watoto waone. Saado alikuwa amekaa kwangu pamoja na ayeyo Fatumo, bibi mtu mzima ambaye hana kazi sokoni isipokuwa kujua. Saado akaangalia ule umati, akaangalia meza yake ambayo hata nzi walikuwa wameihama, akasema:

"Tazama walivyomjaa, kama siafu kwenye samli. Na sauti hiyo haichoki? Tangu asubuhi haichoki."

Akamaliza hapo. Tukangoja. Ninyi mnajua tulichokuwa tunangoja. Kwetu ukiona mtoto mnene, ukiona ngamia aliyejaa maziwa, ukiona bati jipya juu ya nyumba ya jirani, unatanguliza mashallah kama unavyofunika chungu, ili jicho la husuda lisiingie. Hata adui yako unamfunikia. Saado hakufunika.

Ayeyo Fatumo akaweka kikombe chini. "Hukusema mashallah."

"Nimesema moyoni."

"Moyoni mwako humo kumebaki nafasi?"

Saado aliondoka bila kumaliza chai. Mimi nilidhani yameisha. Juma halikuisha, Fosia akaamka hana sauti. Si mafua, si homa. Anafungua mdomo unatoka upepo, kama bomba la mji siku ya Ijumaa. Kijiti kikasimama mezani bila simu, Minesota wakangoja, na Soko Mugdi likafanya hesabu yake haraka kuliko benki. Nani aliitaja ile sauti? Nani hakusema neno?

Jicho ni kweli, dini yenyewe haikukana. Lakini jicho likishapewa mwenyewe, mwenyewe huyo hana pa kulipeleka. Akina mama waliokuwa wakisimama kwa Saado kusalimiana wakaanza kuvuta shuka juu ya watoto wao wakimwona. Wateja wakaanza kuweka hela mezani badala ya kumpa mkononi. Wengine wakapita nyuma ya meza yangu, wakajifanya wanatafuta njia ya mkato, na nyuma ya meza yangu hakuna njia, kuna ukuta. Na kubwa zaidi ni Guleid. Guleid alikuwa anamwoza binti yake, na wageni walikuwa wanatoka mpaka Mandera. Alishamwagiza Saado nyirinyiri ya harusi yote. Nyama ilikuwa tayari kwenye kamba. Akatuma mtu kusema wafikirie kwanza. Hakusema kwa nini. Mtu akisema "tufikirie" kuhusu nyama iliyokwisha kutundikwa, unajua amefikiria.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari, na sisi wote tuliiona. Mwanamke asiye na mume karibu anaishi kwa jina la mkono wake. Chakula kinachosemwa kimepitiwa na jicho, hata paka utamwona anakinusa mara mbili.

Ayeyo Fatumo akaja na wanawake wawili wa upande wa Fosia. Walikuja kwa adabu, wakakataa kukaa. Walichotaka kilikuwa kidogo: Saado aende kwa Fosia, aseme mashallah kwa ulimi wake, apulize ndani ya bilauri ya maji, Fosia anywe. Ayeyo akasema neno hilo ni deni, na Saado anadaiwa tangu siku ile ya chai.

Saado aliwasikiliza akiwa anachambua iliki. Alipoongea hakupaza sauti, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Nikisema, nimekubali kwamba jicho ni langu. Nisiposema, jicho ni langu vilevile. Mnataka nitokee mlango gani?"

Ayeyo akasema deni ni deni, wakaondoka.

Mimi nilimwambia aseme tu. Ni neno moja, halina ushuru. Akanitazama kama nimemwomba figo. Akaniambia neno hilo ukilisema la uongo linasikika, na yeye hataki kusikika akidanganya mbele ya yule msichana. Nikaelewa, ingawa sikumwambia nimeelewa. Ile habari ya mlango ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Ili useme mashallah lazima kwanza ukubali kwamba unachokiona ni kizuri. Saado angeweza kuuza kile chumba cha mawe kabla ya kukubali kwamba Fosia ana kitu kizuri.

Basi akakaa na deni lake. Nyama ya Guleid ikakauka, akaikaanga, akaizika kwenye samli, akapanga madebe nyumbani bila mnunuzi. Ruweyda alimwambia afunge meza kwa muda, waende Hulugho kwa wajomba mpaka watu wasahau. Saado alimjibu kwamba atakayefunga meza ni aliyeiba, naye hajaiba. Akafungua kila asubuhi. Akakaa. Na jambo la ajabu, aliendelea kuangalia ukurasa wa Fosia, ule uliokuwa umelala, kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa kuhakikisha bado limefungwa.

Ndivyo alivyokuwa wa kwanza kuona siku Fosia aliporudi.

Tulikuwa watatu pale kwangu, Saado, Ruweyda na mimi. Fosia alikuwa ameileta simu karibu sana na mdomo, mpaka uso wote ulikuwa pua na macho, na alinong'ona kama mtu anayeongea msikitini. Alisema watu wake wamsamehe kwa kunyamaza. Daktari amemwambia amepiga kelele mno juu ya moshi, koo limevimba, apumzike. Halafu akasema, nami nayarudia kama yalivyotoka:

"Na nasikia maneno huko sokoni. Eedo Saado hana jicho. Mkono wangu ni wake, yeye ndiye aliyenifundisha. Anayeogopa nyama yake, basi na yangu asinunue."

Akazima. Ruweyda alianza kulia kwa furaha. Mimi nikasema alhamdulillahi. Saado akasema tumwekee tena. Tukamwekea tena. Akarudisha simu kwa bintiye kwa vidole viwili.

"Nani alimtuma?" akauliza.

Nikamwambia hajatumwa na mtu, ni wema.

"Ameniosha mbele ya watu wote wale bila kuniuliza kama nataka kuogeshwa. Sasa nitatembea vipi hapa sokoni na fadhila yake mgongoni? Si afadhali jicho?"

Mnaweza kucheka. Mimi pia nilicheka, lakini baada ya siku chache niliona hali yake ilivyo. Mama mmoja alisimama kwake na mtoto wazi kabisa, mashavu nje, bila shuka. Saado akampa mtoto kipande cha nyama, na uso wa Saado ulikuwa umekunjamana kama aliyemeza malimau. Guleid alikuja mwenyewe, akajichekesha, akasema harusi ipo palepale na madebe yote atayachukua. Saado alimwuzia. Kila aliyenunua alimtaja Fosia. Msichana yule ana moyo, walisema. Fosia amesema vizuri, walisema. Hata mema yake Saado sasa yalikuwa yanapitia kwa Fosia kwanza, kama barua inayopitia kwa chifu.

Siku moja baada ya adhuhuri, soko limepoa, Saado akaosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya kwangu. Akajifunga vizuri shashi yake kichwani, akavuka njia.

Fosia alikuwa anakata nyama mbichi. Sauti ilikuwa bado haijarudi, simu haikuwepo, alikuwa peke yake na kisu. Saado alisimama pembeni akamtazama mikono. Alitazama sana. Mikanda ilikuwa inashuka mirefu na myembamba, ile ile, hakuna uliokatika. Fosia alipomwona aliacha kukata. Akatafuta stuli ampe, stuli ilikuwa mbali, akabaki na kisu mkononi hajui akiweke wapi.

Aweys alikuwa kwangu na chai yake. Nilimwona anaingiza mkono mfukoni. Saado alimwona pia, ingawa mgongo alikuwa amempa.

"Aweys, rudisha simu hiyo. Hili si la watu wa Minesota."

Huyu ni Saado anayesema, Saado aliyehesabu mioyo ya mwenzake usiku na mchana, na ambaye kama Aweys angerekodi hapo angekuwa mtu mashuhuri mpaka Nairobi kabla ya alasiri. Aweys akarudisha simu.

Saado akavuta pumzi, akamgeukia Fosia.

"Abaayo," akasema. Hakuwahi kumwita dada. Siku zote alikuwa "yule msichana". "Umati wako, mashallah. Sauti yako, mashallah, Mungu akurudishie. Na mkono unakata vizuri. Hata hicho kifuniko cha dhahabu, kinaniudhi, lakini mashallah."

Fosia macho yalimjaa. Akainama karibu ili asikike, akanong'ona, "Hukuwa unadaiwa, eedo."

"Nilikuwa nadaiwa," Saado akasema. "Usininyang'anye na hilo."

Fosia akamtazama. Kisha akaweka kisu chini, akapangusa mkono kwenye leso, akauweka kifuani.

"Haya, deni limefika, eedo," akasema. "Limefika lote."